Wasichana Waliokuja Bila Kualikwa: Habari za Girl Guides na Sababu ya Kuwaheshimu Hapa Kebirigo



Katika mkutano mkuu uliopita, halmashauri ilipoleta shauri la kuwapa heshima wasichana wa Girl Guides wa shule zilizo karibu na soko letu, mzee mmoja alisimama akauliza neno ambalo halikujibiwa vema siku ile. Alisema, "Chama hicho ni cha nani? Kama ni cha Wazungu, Wazungu na wakiheshimu wenyewe. Na kama ni cha watoto wetu, mbona hatukuulizwa kilipoingia?" Watu walicheka kidogo, kisha mvua ikaanza kupiga mabati, mkutano ukafungwa. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile nilikwisha kuliuliza mwenyewe miaka mingi iliyopita, tena kwa hasira. Basi halmashauri imenitaka niandike habari hizi katika taarifa ya mwaka, ili wanachama wazisome kwa utulivu kabla hatujaketi tena.

Yanipasa kuanzia mwezi wa Januari, mwaka 1908. Mwezi huo mambo mawili yalitokea, moja hapa kwetu na moja Uingereza, na watu wa huku hawakujua ya kule.

La kwetu kila mzee alijua. Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya Mwingereza, alipokuwa juu ya mnyama wake njiani. Afisa hakufa, lakini askari wa King's African Rifles waliletwa na bunduki za kumimina risasi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wengi wakauawa. Aliyekuwa amewatia vijana moyo wa kuwapinga wageni ni mwanamke, naye ni Moraa, mwonaji wa Kitutu, ambaye jina lake lakumbukwa kuliko majina ya wanaume wengi wa siku zile. Hakuna aliyemteua Moraa. Alisema, na wanaume wakasikiliza. Ndiyo maana nasitasita ninapomsikia mtu akisema kwamba mwanamke kuongoza ni jambo lililoletwa na meli.

Hata hivyo tusijidanganye. Moraa alikuwa mtu mzima, mwonaji, mwenye nyumba yake. Msichana wa siku zile asiye na mume wala mtoto hakuwa na mahali pa kusemea. Alisemewa na baba yake, halafu na mumewe, na uzee ulipomfikia ndipo alipopata ulimi wake mwenyewe. Tofauti hiyo kati ya mama na msichana ndiyo iliyo kiini cha habari zangu.

Jambo la pili la Januari 1908 lilikuwa kitabu. Jenerali Robert Baden-Powell, aliyepata sifa kwa kuulinda mji wa Mafeking katika vita vya Makaburu, mwaka 1899 hadi 1900, alianza kutoa kitabu chake cha skauti kwa vipande vipande, kikiuzwa kila baada ya wiki mbili. Alikiandika kwa ajili ya wavulana. Wasichana hawakuwamo katika mawazo yake, au kama walikuwamo, walikuwa pembeni. Lakini kitabu kikishauzwa hakichagui msomaji. Wasichana wakakisoma, wakakata fimbo, wakavaa kofia za kaka zao, wakajifunza mafundo ya kamba na kufuata nyayo, na wengine wakapeleka majina yao kuandikwa kwa herufi za mwanzo tu ili isijulikane kuwa ni wasichana.

Tarehe 4 Septemba 1909 maskauti zaidi ya elfu kumi walikusanyika London, katika jumba la Crystal Palace, ili Jenerali awakague. Katika mkusanyiko ule kulikuwa na wasichana wachache, wamevaa vile walivyoweza, nao hawakualikwa. Walijitangaza kuwa nao ni skauti, wakataka wakaguliwe kama wengine. Nampenda yule aliyewaza jambo lile kwanza, ingawa simjui jina. Mzee wetu aliuliza ni nani aliyekiruhusu chama hiki kuingia Kebirigo. Hata kwao kilikozaliwa, chama hiki hakikuruhusiwa na mtu. Kiliingia kwa miguu ya wasichana.

Mkubwa yule aliona hawezi kuwafukuza, kwa kuwa maelfu walikuwa wamekwisha kujiandikisha, tena hakutaka wachanganywe na wavulana, maana wazazi wa Uingereza walikuwa wakinung'unika kama wazazi wa Kisii wangalivyonung'unika. Mwaka 1910 wakatengewa chama chao, na dada yake, Agnes Baden-Powell, akawekwa kukiongoza. Jina la Guides lilitokana na kikosi cha askari wa mpakani huko India, watu waliosifiwa kwa kujua njia. Baadaye mke wa Jenerali, Olave, aliyeolewa mwaka 1912, ndiye aliyekishika chama kwa nguvu, na mwaka 1930 akaitwa Mkuu wa Girl Guides wa ulimwengu wote.

Nitasema pia yasiyopendeza, kwa kuwa historia inayoficha ni barua ya kuombea kazi. Kitabu cha kwanza cha chama, kilichotolewa mwaka 1912, kilisema katika jina lake kwamba wasichana wasaidie kujenga Dola ya Mwingereza. Dola hiyo ndiyo iliyokuwa imechoma nyumba za Kitutu miaka minne kabla. Girl Guides walianza hapa Kenya mwaka 1920, na mwaka huohuo nchi ilibadilishwa kutoka Himaya ikaitwa Koloni, baba zetu wakatundikwa kipande shingoni. Shule zilitengwa kwa rangi mpaka karibu na uhuru, na chama kinachokaa shuleni hakiwezi kuwa na ngozi tofauti na ya shule yake. Huko Afrika Kusini mambo yalikuwa wazi zaidi. Wasichana Waafrika hawakukubaliwa kuitwa Guides, wakaundiwa chama cha kando mwaka 1925, kikiitwa Wayfarers, yaani wasafiri wa njiani, na ikapita miaka kumi na zaidi kabla ya kupokelewa. Kwa hiyo mzee aliyeuliza "ni cha nani" hakukosea kuuliza. Mlango ulikuwa mwembamba, na aliyeusimamia hakuwa mtu wetu.

Lakini wale walioufungua ndio waliokuja kulala katika udongo wetu. Baden-Powell na mkewe walihamia Nyeri mwaka 1938, wakakaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, naye akafa tarehe 8 Januari 1941 akazikwa huko, kaburi likiutazama Mlima Kenya. Juu ya jiwe kumechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwajulisha wenzake kwamba amekwenda nyumbani. Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri yawekwe pamoja na mumewe. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, yeye mwaka 1857 na mkewe mwaka 1889, na tangu mwaka 1926 siku hiyo imewekwa kuwa ya Girl Guides wa nchi zote kukumbukana. Chama cha Kenya kiliingia katika umoja wa dunia, ule ulioundwa mwaka 1928, katika mwaka wetu wa uhuru, 1963. Leo umoja huo una wasichana wapatao milioni kumi katika nchi zaidi ya 150. Wengi wao, naamini, hawana habari na Mafeking.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana chama hujulikana kwa yale kinachomfanyia mtoto siku ya Ijumaa baada ya masomo.

Msingi wake ni kikundi kidogo, wasichana sita hadi wanane. Mmoja wao huwa kiongozi, naye ni msichana kama wao. Mwalimu yupo, lakini hukaa nyuma. Kiongozi ndiye anayegawa kazi, nani achote maji, nani awashe moto, nani afunge hema, na moto usipowaka yeye ndiye huulizwa. Baada ya muda, mwingine hushika zamu. Aliyekuwa akiamriwa anaamrisha, na aliyekuwa akiamrisha anajifunza kutii bila kununa, jambo ambalo baadhi yetu katika halmashauri hatujaliweza hata leo. Kila mmoja huweka ahadi akiinua vidole vitatu, na beji yake ina jani la sehemu tatu kwa ajili ya mambo matatu ya ahadi hiyo. Beji nyingine hazitolewi kwa kukariri. Msichana hushonewa begani kwa sababu amefanya: amefunga jeraha, amepika, amemhudumia mgonjwa, ametunza hesabu ya fedha.

Hilo la fedha halikosi maana katika mahali kama Kebirigo. Sisi tu watu wa majani ya chai, kandokando ya barabara itokayo Kisii kupitia Nyamira kwenda upande wa Kericho. Binti zetu huchuma majani tangu wakiwa wadogo, hubeba kikapu mpaka kituo cha kupimia, husimama katika mstari. Malipo yakifika, huandikwa kwa jina la baba. Simlaumu mtu, nami nimefanya hivyo. Lakini mtoto aliyewahi kuweka daftari la kikundi chake, akajua kilichoingia na kilichotoka, hulitazama karatasi la mizani kwa jicho jingine.

Kuna na jambo la mkono wa kushoto, ambalo limewaudhi wazee kadhaa. Girl Guides, kama maskauti, husalimiana kwa mkono wa kushoto. Yasemekana desturi hiyo ilitoka kwa Waashanti wa Afrika ya Magharibi, ambao shujaa wao aliweka ngao chini na kutoa mkono uliokuwa ukiishika, kuonyesha kwamba anamwamini aliye mbele yake. Mtoto wa Kisii akimpa mzee mkono wa kushoto ni matusi, sote twajua. Wasichana nao wanajua. Kushoto ni kwao wenyewe kwa wenyewe, kwa mzee ni kulia, tena kwa kuinama. Nimewatazama kwa makusudi na sijamwona aliyekosea.

Wakati ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa ukizika vijana wetu, mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, chama cha Kenya kiliwafunza viongozi wa vikundi ili wao wawafundishe wenzao. Hekima yake naiona sasa. Baba hakuweza kusema na binti yake mambo yale, na mwalimu aliona haya. Msichana wa rika lake aliweza.

Hapa ndipo nifikapo kwenye sababu iliyonifanya nikubali kuandika.

Wasomaji wa hapa hawahitaji kufundishwa chinsoni, lakini taarifa hii husomwa pia na watoto wetu walio Nairobi na ng'ambo, basi niseme kwa ufupi. Ni sheria ya heshima na haya kati ya mzazi na mtoto. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao. Kati ya nyanya na mjukuu, kinyume chake, mazungumzo ni huru na mzaha ni halali. Nanyi mwajua kwamba msichana asiyetahiriwa aliitwa egesagane, neno ambalo lilitosha kumliza mtoto njiani. Mwezi wa Desemba ulipofika walipelekwa, wakiwa na miaka minane, tisa au kumi, na sherehe ikafuata.

Binti yangu wa kwanza alikwisha pitia hayo kabla hajaenda shule ya bweni, na huko shuleni ndiko alikokuwa Girl Guide. Alichaguliwa kiongozi wa kikundi chake. Desemba 1984 alirudi nyumbani, na mdogo wake, mwenye miaka tisa, alikuwa zamu yake mwaka ule. Binti yangu hakunijia. Asingeweza, na alijua kwamba hangeweza. Alikwenda jikoni kwa mama yangu jioni tatu mfululizo, akamsaidia kumenya ndizi, akazungumza. Sijui maneno aliyoyasema. Jioni ya nne mama aliniita akasema, "Huyu mdogo haendi mwaka huu." Nikauliza nani anayekataza. Akasema, "Mimi."

Nilijua maneno yale yalikotoka. Nilikasirika sana, si kwa sababu ya mdogo, bali kwa sababu mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa ameamua jambo katika boma langu bila kuvunja hata sheria moja ya boma hilo. Ningalikuwa na kosa la kumshitakia, ningalitulia. Nikalaumu chama. Nilikataa kulipa fedha za kambi ya Aprili, na sare yake ya buluu nikaificha. Alirudi shuleni akajitoa katika kikundi, hakusema neno. Mwaka uliofuata mama yangu aliugua, na Desemba ilipofika mdogo alipelekwa. Hakuna aliyeuliza, maana yule ambaye angeuliza nilikwisha kumnyamazisha.

Mdogo huyo leo ni mama wa watoto. Mwaka mmoja, nikiwa nimeketi naye uani, aliniuliza kama ni kweli kwamba nyanya alikuwa amekataza. Nikasema ni kweli. Akanyamaza, akaendelea na kazi yake. Chinsoni ilitukinga sote wawili siku ile, nami sikujua kama nishukuru au nisishukuru.

Watu watasema kwamba mambo hayo yamepita. Hesabu za serikali hazisemi hivyo. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 hadi 2009, wanawake wa Kisii 96 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa 84, na mwaka 2022 walikuwa 77. Imepungua, naam, lakini kwa mwendo wa konokono, na hali Sheria ya Watoto ilikataza tangu mwaka 2001 na sheria ya pili, kali zaidi, ikatoka mwaka 2011. Wengine wamelikimbiza jambo hili gizani, wakawapeleka watoto wadogo zaidi, wakamwita mtu mwenye sindano na glavu mahali pa mkeketaji wa zamani, kana kwamba usafi wa wembe ndio uliokuwa neno. Huko Tharaka, mwaka 1996, Maendeleo ya Wanawake walijaribu njia nyingine pamoja na jamaa za wasichana wapatao thelathini. Mafunzo ya siri na mawaidha ya akina mama yalibaki, na sherehe pia, kisu kikaondolewa. Njia hiyo imeigwa kwingine, nami naiona ni ya busara, kwa sababu haimwambii nyanya kwamba hana la kufundisha.

Sisemi kwamba Girl Guides ndio waliopunguza hesabu hizo. Makanisa yamefanya kazi, shule zimefanya, machifu wamefanya, baadhi yao kwa kuchelewa. Ninalosema ni dogo kuliko hilo, nami naliweza kulishuhudia: kwamba msichana aliyekwisha kuwaongoza wenzake saba kuwasha moto wakati wa mvua anajua kutafuta njia ndani ya nyumba ya baba yake. Zamani tulimpa msichana cheo kwa kisu, halafu kwa ndoa, halafu kwa mtoto wa kiume. Hawa wanapewa cheo kwa kukubaliwa na wenzao, na wasipokifanyia kazi wanakipoteza.

Yamebaki maneno mawili ya nyumbani. Wengi wetu hapa tu Wasabato, na kambi nyingine huangukia siku ya Jumamosi, hata wazazi wamewatoa watoto wao. Watoto hao wengi wamo katika Watafuta Njia wa kanisa, ambako kuna hema na mafundo vilevile, na si vibaya. Lakini walimu wa shule za hapa wamekubali kwamba kambi ya jirani itaanza Jumapili asubuhi, basi sababu hiyo isitumiwe tena kama kisingizio. La pili ni sare. Kila mwaka wapo wasichana wanaochaguliwa kuongoza kisha hujitoa kimyakimya kwa kukosa nguo. Halmashauri inaomba sehemu ya mfuko wa karo itengwe kwa sare hizo, na shauri litapigiwa kura. Mimi nimetoa za wawili mbele, na mwanachama yeyote asiseme ni ukarimu. Ni deni la mwaka 1985.

Heshima zitatolewa siku ya mkutano mkuu, saa tisa alasiri, kabla ya hesabu kusomwa, maana baada ya hesabu wazee husinzia. Viongozi wa vikundi watasema wenyewe, si walimu wao. Mzee aliyeuliza "ni cha nani" ameombwa awakabidhi hati zao. Amekubali, kwa sharti kwamba kwanza aruhusiwe kuwauliza wao swali lile lile, nao wamejibu kwamba wako tayari.